Skana ya waifai, Debian, na swali la nani aruhusiwe

Jioni pale Kihesa, Iringa, wanafunzi wakisharudi hosteli, hewa ya gigahezi 2.4 hubanana kuliko daladala ya Ipogolo siku ya mvua. Kila nyumba ya kupangisha ina ruta yake, na ruta nyingi zimebaki kwenye chaneli zilizotoka nazo kiwandani, maana fundi aliyezifunga alibadilisha jina na nywila akaondoka. Chaneli za masafa hayo zimeachana kwa megahezi 5, ilhali mtandao mmoja hutumia takribani megahezi 20. Ndiyo maana zinazoweza kukaa jirani bila kugusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Mwenye nyumba akinipigia kulalamika kwamba intaneti inasuasua, mara nyingi anayemuuzia bando hana kosa. Anayemsumbua yuko upande wa pili wa ukuta.

Hayo huyaoni kwa macho, ndipo inapokuja skana ya waifai. Ruta kwa kawaida hujitangaza kila baada ya milisekunde 102 hivi: hutaja jina la mtandao, chaneli na aina ya ulinzi. Skana hukaa kimya ikasikiliza matangazo hayo, au huita "nani yupo?" ikakusanya majibu, kisha huandika kila tangazo limefika na nguvu kiasi gani. Nguvu hupimwa kwa dBm na karibu siku zote ni namba hasi. Ukiona -45, ruta iko chumba hichohicho. -67 bado unapiga simu ya video vizuri. Ikifika -90 hata ukurasa mmoja utaufungua kwa sala. Kwenye Linux, mfumo endeshi wa bure, zana za kazi hii hazijapungua. Ipo iw, ipo wavemon, ipo horst, ipo LinSSID kwa wanaopenda dirisha na grafu, na ipo Kismet ambayo kwa kazi ya hosteli ina mambo mengi mno.

Mimi niliipenda nyingine, ndogo, iliyoandikwa kwa lugha ya C, inayofanya kazi ndani ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, na kuchora kila chaneli na wakazi wake. Mwandishi wake anaitunza peke yake. Jina silitaji kwa sababu kifurushi chake, yaani programu iliyoandaliwa tayari kusakinishwa, bado hakijapokelewa Debian, aina ya Linux inayotunzwa na watu wa kujitolea, na sitaki msomaji wangu aende kuitafuta kwenye tovuti zinazogawa programu za bure pamoja na virusi. Kazi zangu ni maabara za kompyuta za sekondari, nyumba za wageni na hosteli, kuanzia Iringa mjini hadi Mafinga, mara chache Njombe. Nilitaka mwalimu wa TEHAMA aandike apt install, aipate, na toleo jipya likitoka limfikie bila kunipigia simu. Sikutaka afuate video inayomwambia aandike sudo make install, mafaili yatawanyike kwenye /usr/local, na siku ya kuyafuta asijue aanzie wapi.

Kufungasha kwenyewe, kwa maana ya kuandaa folda iitwayo debian ndani ya msimbo wa programu, hakuchoshi kama watu wanavyodhani. Faili la control linasema kifurushi kinaitwaje na kinahitaji nini ili kijengwe: kwangu ni maktaba mbili za msimbo, libnl na ncurses. Faili la rules siku hizi linaweza kuwa na mistari mitatu, kazi yote ikaachiwa zana iitwayo debhelper. Faili la watch linamwonyesha Debian mahali pa kutafuta toleo jipya. Faili la copyright ndilo linalokula muda, kwa sababu wakaguzi wa Debian wanaopokea vifurushi vipya wanataka kujua leseni ya kila faili lililomo, hata hati ndogo ambayo mwandishi aliiokota kwa rafiki yake akasahau kuandika ni ya nani.

Humo ndimo nilimokuta orodha ya viwanda. Anwani ya kifaa cha waifai ina biti 48, na 24 za mwanzo kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, kwa hiyo skana nyingi hubeba orodha ya IEEE, shirika linalogawa namba hizo, ili kukuambia ruta ile ni ya kampuni gani. Mwandishi alikuwa ameweka nakala yake, ya zamani kweli. Debian tayari ina kifurushi kiitwacho ieee-data chenye orodha hiyohiyo, inayosasishwa na watu wengine. Nikaiondoa nakala, nikaielekeza programu kwenye /usr/share/ieee-data. Kifurushi kikapungua uzito, na nikapunguza jambo moja la kubishania na wakaguzi. Msaada wa orodha hiyo lakini unazidi kufifia: tangu Android 10 ya mwaka 2019 simu huunganika na mtandao kwa anwani ya kubuni, kwa hiyo kwa upande wa simu majina ya viwanda hayana maana tena. Kwa ruta bado yanafaa.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya niipende kazi hii.

Shule moja nje kidogo ya mji ina seva ya Raspberry Pi inayobeba maktaba ya Kiwix, ili wanafunzi wasome Wikipedia bila bando. Nikafunga skana humo. Kwenye laptopu yangu ruta ya ofisi ya walimu ilisoma -67. Kwenye Raspberry Pi, iliyokuwa mezani pembeni ya laptopu, ruta ileile ilisoma 189. Ruta nyingine ilisoma 170, nyingine 201, na michirizi ya nguvu ya zote ilikuwa imejaa hadi mwisho. Kwa mujibu wa skana, shule ile ilikuwa na waifai bora kuliko zote nchini.

Chukua 256, toa 67, unapata 189. Mwenye kujua C ameshaelewa. Mwandishi alikuwa ameihifadhi nguvu ya mawimbi ndani ya char, aina ya namba inayokaa kwenye biti 8. Lugha ya C haikuamua kama char ya kawaida inabeba namba hasi au la. Iliwaachia wanaotengeneza kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Kwenye prosesa za Intel na AMD inabeba kuanzia -128 hadi 127. Kwenye ARM, aina ya prosesa iliyomo kwenye Raspberry Pi na simu nyingi, chini ya Linux inabeba 0 hadi 255. Kwa hiyo -67 ikiingia humo inatoka ikiwa 189, na kompaila haisemi neno, kwa sababu kwa sheria za lugha hakuna kilichovunjwa. Kibaya zaidi, mpangilio wa orodha unabaki sahihi: -45 inageuka 211, -90 inageuka 166, na aliye karibu bado anakaa juu. Anayeangalia orodha bila kusoma namba anaweza kutumia programu hiyo mwaka mzima asione kitu.

Njia ya mkato ipo. Unaweza kuongeza -fsigned-char kwenye rules na kompaila ikalazimika kuihesabu char kwa namna ya Intel. Sikuipenda, kwa sababu dawa hiyo inabaki ndani ya Debian peke yake. Mtu wa Fedora au Arch, ambazo ni Linux za aina nyingine, akijenga programu kwenye ARM anakutana na 189 yake. Nikaandika kiraka kinachobadilisha char kuwa int8_t, ambayo hubeba namba hasi kila mahali, pale panapohusika, nikakiweka kwenye debian/patches na maelezo juu yake, na nakala nikampelekea mwandishi. Alijibu upesi, akashukuru, akasema hajawahi kumiliki kifaa chochote cha ARM isipokuwa simu.

Na hapo ndipo Debian inapoonyesha faida yake kwa mtu kama mimi. Kifurushi kikipokelewa, mashine zao hukijenga kwa aina za kompyuta ambazo Iringa huzioni. Toleo la trixie, lililotoka Agosti 2025, linajengwa pia kwa riscv64, kwa ppc64el, hata kwa s390x ambazo ni kompyuta kubwa za IBM za mabenki. Zote tatu huihesabu char kama ARM, kwa hiyo Intel ndiye mwenye tabia ya peke yake, ingawa wengi tunajifunzia kwake na kudhani ndivyo dunia ilivyo. Skana ya waifai kwenye kompyuta ya benki isiyo na antena ni kichekesho, nakubali. Ila kuijenga huko hakunigharimu hata senti, na kasoro nyingine ya aina ile ingeumbuka.

Nikaongeza na jaribio. Tatizo la kujaribu skana ni kwamba mashine inayojaribu haina waifai. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, inayo moduli iitwayo mac80211_hwsim, inayounda redio za bandia: unaomba redio mbili, moja unaifanya ruta kwa kutumia programu ya hostapd, nyingine unaipa skana. Jaribio langu linawasha ruta ya bandia, linaiachia skana itafute, kisha linauliza maswali mawili: umeiona, na nguvu uliyosoma iko chini ya sifuri? Swali la pili ndilo lililozaliwa shuleni.

Kuhusu bando niseme kidogo tu, maana kila fundi wa huku anazo hadithi zake. Kifurushi cha Debian kinajengwa ndani ya mfumo msafi unaoundwa upya, ili kisije kikategemea kitu kilichopo kwenye laptopu yako peke yako. Mfumo huo ni mamia ya megabaiti, na ukitaka wa ARM pia unazidisha. Niliweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta chakavu iliyoko chini ya meza, ikawa inatunza kila kilichoshushwa mara moja, na mashusho yote makubwa nikayasogeza kwenye bando la usiku. Julai ya Iringa, na ule upepo wa Gangilonga, kukesha na laptopu inayotoa joto hakuna ubaya.

Chaneli ya 13 nayo imenipa wateja. Fundi mjanja akiona 1, 6 na 11 zimejaa, huipeleka ruta kwenye 13, anakuta hewa ni nyeupe, anaondoka akijisifu. Kesho yake baadhi ya laptopu haziuoni mtandao kabisa. Nyingi ni za mtumba, zilizotengenezwa kwa soko la Marekani ambako vifaa vya kawaida huishia chaneli ya 11, na kadi zake hazisikilizi zaidi ya hapo. Skana haiwezi kukuonyesha kitu ambacho redio haijaruhusiwa kusikiliza. Itakuambia hewa ni tupu kwa uaminifu wote. Linux huchukua ruhusa hizo kutoka kwenye kanzidata ya wireless-regdb kwa msimbo wa nchi, na wetu ni TZ. Ndiyo sababu kifurushi changu kinapendekeza wireless-regdb kisakinishwe pamoja nacho, na kwenye ukurasa wa maelekezo nimeandika kwamba mtu aangalie kwanza jibu la iw reg get kabla ya kuamini chaneli iliyo tupu.

Yote hayo, hata hivyo, ni kazi ya mikono. Kilichoniweka macho ni ruhusa.

Kwenye Linux mtumiaji wa kawaida anaweza kusoma matokeo ya skani ya mwisho, lakini hawezi kuiamuru kadi ianze skani mpya. Hilo linahitaji kibali kiitwacho CAP_NET_ADMIN, ambacho ni kipande cha mamlaka ya root, msimamizi mwenye uwezo wote kwenye mfumo. Programu nyingi hukwepa kwa kumwambia mtumiaji aweke sudo, amri ya kuazima mamlaka hayo, mbele. Kwenye laptopu yangu sawa. Kwenye maabara ya shule maana yake ni kwamba mwalimu ama anaandika nywila ya root mbele ya macho arobaini, ama anawapa wanafunzi.

Njia ya pili ni kuipa programu yenyewe kibali hicho kwa setcap wakati wa kusakinisha. Inafanya kazi kwa programu inayozungumza na kerneli moja kwa moja kupitia libnl, kama hii yangu. Zile zinazoita iw kwa nyuma hazifaidiki, kwa sababu kibali cha faili hakirithiwi na programu inayoitwa. Lakini CAP_NET_ADMIN ni kibali kinene. Mwenye nacho anaweza kubadili anwani ya IP, kugeuza njia za mtandao, kuzima ukuta wa moto. Unaomba ruhusa ya kuchungulia, unapewa na funguo za stoo. Nikasoma msimbo wote wa skana, nikahakikisha inakitumia kibali kwa jambo moja na kwamba hakuna mahali inapopokea amri kutoka nje.

Kisha kulikuwa na uwezo wake wa pili. Programu hiyo inaweza pia kuiweka kadi kwenye hali ya kusikiliza kila fremu, yaani kila kipande cha data, inayopita hewani, ikiwemo ya watu wengine. Mwandishi anautumia kutafuta chanzo cha msongamano, na ni matumizi halali. Ila kusikiliza tangazo ambalo ruta inamtangazia kila mtu ni jambo moja, na kunasa mawasiliano ya mpangaji wa chumba cha tatu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kunasa mawasiliano bila haki na kuingia kwenye mifumo ya watu bila ruhusa, na 2022 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Zaidi ya sheria kuna mtaa. Mzee mmoja mwenye nyumba alinikuta koridoni na laptopu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akauliza bila kupepesa macho: "Kijana, unaiba waifai za watu?" Nikamwonyesha skrini, nikamweleza ruta yake inavyobanwa na ya jirani. Alielewa haraka kuliko vijana wengi. Lakini swali lake lilikuwa la haki kabisa, na mimi kama mfungashaji nilipaswa kuwa na jibu ndani ya kifurushi.

Jibu likatokana na vibali vyenyewe. Kusoma fremu za watu wengine kunahitaji kibali cha pili, CAP_NET_RAW. Nikaipa skana cha kwanza, nikainyima cha pili. Mtu aliyeruhusiwa na kifurushi hiki anaweza kuona mitandao, chaneli na nguvu, akijaribu ile hali nyingine anaambiwa hana ruhusa. Anayeihitaji kweli atakuwa na root, na mwenye root hana haja ya kuniomba mimi.

Ikabaki: nani aruhusiwe? Wireshark, programu ya kunasa na kuchambua mawasiliano ya mtandao, ilishalipitia swali hili zamani ndani ya Debian. Ukiisakinisha inakuuliza kama watumiaji wasio root waruhusiwe kunasa pakiti. Jibu la awali ni hapana, na ukisema ndiyo inaunda kundi, waliomo ndio wanaoweza. Nikafuata mfano huo, isipokuwa nilitaka jibu la awali liwe ndiyo. Hoja yangu ilikuwa maabara za shule: mwalimu atabonyeza Enter bila kusoma, na akibonyeza kwenye hapana programu itamkatalia, ataiona mbovu, ataifuta.

Mdhamini aliyejitolea kukipitia kifurushi hakukubali. Mtu kama mimi hana haki ya kupakia Debian moja kwa moja. Ninapandisha kwenye mentors.debian.net, naomba mdhamini, yeye anasoma na kuweka sahihi. Ili nipate haki ndogo ya kupakia mwenyewe ninahitaji ufunguo wangu usainiwe na mwanachama aliyenithibitisha, kwa kawaida ana kwa ana. Mkutano mkuu wa Debian umefika Afrika mara moja tu, Cape Town mwaka 2016, na kutoka Iringa hadi huko si safari ya kupanda basi asubuhi. Kwa hiyo neno la mdhamini ni zito. Lakini hakunishinda kwa uzito, alinishinda kwa hoja. Aliniambia kifurushi hakisakinishwi shuleni tu: kuna seva zenye watumiaji mamia wasiojuana, na mwenye seva aliyebonyeza Enter bila kusoma hakukubali chochote. Ninayemfikiria mimi atapoteza dakika moja. Anayemfikiria yeye anaweza kupoteza zaidi. Nikabadilisha, ikawa hapana, nikaandika ujumbe wa kosa unaomwambia mwalimu aandike dpkg-reconfigure na jina la kifurushi, kisha amwongeze anayemtaka kwenye kundi.

Kifurushi kiko kwenye foleni ya wakaguzi ninapoandika. Shuleni nimefunga nakala niliyoijenga mwenyewe.

"Kamwene, fundi," alinisalimu madam wa TEHAMA nilipokwenda kuifunga, kisha akataka kidato cha tano chote kiingizwe kwenye kundi. Nikamweleza watakachoweza kuona na wasichoweza. Akafikiri, akaona wote ni wengi, akachagua viranja wa maabara. Baada ya muda mkuu wa shule aliletewa barua ya ukurasa mzima, ina jedwali la chaneli na dBm, inaeleza kwamba ruta ya ofisi ya walimu na ya maabara zote ziko kwenye 6, na inaomba kwa heshima zote ya ofisi ihamie 11. Mkuu alimpigia madam kuuliza dBm ni nini. Ruta ilihamishwa wiki hiyohiyo.